Usiitupe sindano kwa kuwa macho yamechoka

WATU wengi wakishapita umri wa miaka 40 huanza kuiweka sindano kando. Uzi haupiti tena katika tundu kwa urahisi, mishono inaonekana kama imefunikwa na ukungu, kichwa kinauma kila jioni na vidole vinakufa ganzi usiku. Basi husema, "Macho yangu yameisha," na vitambaa hufungiwa sandukuni.

Kwa maoni yangu kama daktari, uamuzi huo mara nyingi ni wa haraka mno. Mengi ya matatizo hayo yana dawa, na dawa yenyewe si ghali. Anayeacha kudarizi kwa sababu hizo hupoteza starehe, na kwa wengine hupoteza riziki, ilhali alihitaji miwani, taa na kiti kizuri tu.

Msomaji, hebu tuitazame kazi moja ndogo ambayo yaonyesha jambo hili vizuri: vifaa vya ushonaji vinavyotengenezwa kwa kitambaa na kudariziwa kwa mfano wa matunda.

Matunda ya kitambaa

Katika nchi kama vile Uingereza na Marekani, miezi ya Septemba hadi Novemba ndiyo majira ya majani kupukutika. Huo ndio wakati wa mavuno ya matufaha, mapeasi, zabibu, beri nyeusi na maboga. Usiku huanza kurefuka, baridi huingia, na watu hurudi ndani ya nyumba kufanya kazi za mikono.

Wapenzi wa sindano huyachukua matunda hayo na kuyageuza vifaa vya kazi. Boga la kitambaa cha rangi ya machungwa huwa kimto cha kuchomekea sindano. Tufaha lililokatwa katikati hudariziwa juu ya jalada la kijitabu chenye kurasa za felti, na sindano hulazwa humo. Kishada cha zabibu hufungwa katika pete ya mkasi ili usipotee. Peasi huwa mfuko wa kuhifadhia subana, yaani kile kikofia cha kuvaa kidoleni.

Mtindo huu si wa jana. Tangu karne ya 19 kimto cha sindano chenye umbo la nyanya kimekuwa kikiuzwa na kushonwa nyumbani, mara nyingi kikiwa na stroberi ndogo inayoning'inia kwa uzi. Stroberi hiyo haikuwa pambo tupu. Ndani yake mlitiwa unga mgumu wa jiwe la kunolea, na sindano ikichomwa mara kadhaa hutoka safi na kali, bila kutu.

Tunda jingine la majira hayo, hasa katika nchi za Bahari ya Kati, ni komamanga. Wadarizi wa Ulaya walilipenda tangu zamani. Katarina wa Aragon, mke wa kwanza wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, alilifanya nembo yake. Wakazi wa Mombasa na Lamu hawahitaji kuelezwa komamanga ni nini.

Wala sindano yenyewe si ngeni kwetu. Kofia za viua za pwani, zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa mkono, ni kazi ya uvumilivu mkubwa. Huku bara, vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, shirika lililoanzishwa mwaka 1952, vilifundisha akina mama wengi kushona na kudarizi. Vile vitambaa vyeupe vya kufunika viti sebuleni, vyenye maua pembeni, ni ushahidi wa kutosha.

Nimechagua tunda la kitambaa kwa sababu ni dogo na huweza kumalizika kwa jioni chache. Lakini udogo wake ndio unaoyapa macho kazi.

Kwa nini macho hukataa?

Ndani ya jicho kuna lenzi. Katika ujana lenzi hiyo ni laini, nayo hubadilisha umbo lake mara moja kila unapotazama kitu cha karibu. Miaka inavyosonga lenzi hukakamaa. Ifikapo miaka 40 hadi 45, haiwezi tena kujikunja vya kutosha ili kuona kitu kilicho umbali wa futi moja hivi.

Huu si ugonjwa wala laana. Ni mabadiliko ya kawaida kama mvi, na hayamwachi mtu yeyote. Kusoma sana hakuyaleti, kudarizi hakuyaleti, na kuacha kudarizi hakuyazuii.

Je, gazeti hili unalisoma huku ukilisukuma mbali na uso? Je, unahitaji kusogea dirishani ili kusoma maandishi yaliyo kwenye chupa ya dawa? Je, kumtungia mama uzi imekuwa kazi ya mtoto? Ikiwa jibu ni ndiyo, na umri wako umepita miaka 40, huenda unahitaji miwani ya kusomea.

Tatizo hili ni kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba watu milioni 826 duniani walikuwa na shida hii ya kuona karibu bila kupata miwani ifaayo. Hao ni watu ambao kipande cha kioo kilichochongwa vizuri kingewarudisha kazini.

Nasema kazini kwa makusudi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wachuma chai 751 wa huko Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya karibu waliongeza uchumaji wao kuwapita wale ambao hawakupewa, na tofauti ilikuwa karibu asilimia 22.

Mwaka 2024 ukaja utafiti mwingine kutoka Bangladesh, uliohusu watu 824 wa miaka 35 hadi 65 katika vijiji 56. Wengi wao walikuwa watu wa kazi za mikono, wakiwemo mafundi cherehani na wafumaji. Baada ya miezi minane, mapato ya kundi lililopewa miwani yalikuwa juu kwa thuluthi moja hivi kuliko ya kundi ambalo lilikuwa bado linangoja.

Sasa mfikirie fundi wa Gikomba au mama wa Kongowea ambaye amepunguza kazi kwa sababu haoni tundu la sindano. Atanunua sindano mpya, atanunua uzi bora, hata cherehani atabadilisha. Miwani atasema ni ya wazee na wasomi. Mimi nasema miwani ni chombo cha kazi sawa na mkasi, na mwenye karakana anayemnunulia fundi wake mkasi hana sababu ya kuona ajabu kumsaidia kupata miwani.

Usinunue kwa kubahatisha

Miwani ya kusomea huuzwa hata kando ya barabara. Siwezi kukukataza kuinunua, maana kwa mtu ambaye macho yake mawili yako sawa na hayana ugonjwa, miwani hiyo yaweza kumfaa. Nguvu yake huandikwa kwa nambari. Mtu wa miaka 45 kwa kawaida huanzia +1.00 au +1.50, na wa miaka 60 huhitaji kama +2.50.

Hata hivyo, kabla ya kuinunua, pimwa macho angalau mara moja. Sababu ni kwamba kuna magonjwa yanayojificha nyuma ya uzee. Presha ya macho huiba uwezo wa kuona polepole, bila maumivu, kuanzia pembeni. Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho. Mtoto wa jicho hufanya kila kitu kionekane kama kipo nyuma ya kioo kichafu. Yote matatu hayatibiki kwa miwani ya kando ya barabara.

Mtu wa ukoo wenye presha ya macho, au mwenye kisukari, asingoje dalili. Naye anayeona duara za rangi kuzunguka taa, anayeona cheche au kivuli kama pazia, au aliyepoteza uwezo wa kuona ghafla, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwanga, rangi na kitambaa

Jicho la mtu wa miaka 60 huhitaji mwanga mwingi zaidi kuliko la kijana wa miaka 20. Kwa hivyo taa moja iliyo katikati ya dari haitoshi. Kaa karibu na dirisha mchana. Usiku, weka taa ya mezani upande wa kushoto ikiwa unashona kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi.

Rangi nazo zina siri yake. Lenzi inapozeeka huwa ya manjano kidogo, na mtu huanza kuchanganya buluu na kijani, au kuona zambarau iliyokolea kama nyeusi. Beri nyeusi juu ya kitambaa cha rangi ya kahawia ni kazi nzuri kwa kijana. Kwa mtu wa makamo ni mateso. Tumia kitambaa cheupe au cha rangi ya maziwa, na uchague nyuzi zako mchana, kisha uzifunge kwa karatasi zenye majina ya rangi.

Kwa wale wanaoshona mishono ya msalaba, kitambaa chenye vishimo 11 au 14 kwa kila inchi huonekana kwa urahisi kuliko kile chenye 28. Tufaha litakuwa kubwa kidogo, lakini litabaki kuwa tufaha.

Isitoshe, mtu anapokazia macho kitu kidogo husahau kupepesa. Macho hukauka, huwasha, na hatimaye hutoa machozi. Kila baada ya dakika 20, inua uso utazame kitu kilicho mbali, kama mti wa jirani, kwa muda wa sekunde 20, huku ukipepesa. Kishada kimoja cha zabibu kinaweza kungoja.

Shingo na vidole

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano. Ukikiinamisha juu ya mapaja kwa saa mbili, shingo na mabega ndiyo yanayokibeba. Maumivu mengi ya kichwa ya jioni ambayo akina mama huyaita presha, huanzia hapo. Dawa si kumeza vidonge kila siku. Weka mto juu ya mapaja, au egemeza kazi mezani, ili kitambaa kipande juu kukutana na macho badala ya macho kukishukia. Lakini kwa kuwa presha ya kweli haina dalili, pimwa pia.

Vidole vinavyokufa ganzi ni habari nyingine. Kuna mshipa wa fahamu unaopita katika njia nyembamba kwenye kifundo cha mkono, ukielekea kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Njia hiyo ikivimba, mshipa hubanwa. Mtu huamka usiku akikung'uta mkono kama anayekausha maji.

Hali hii huwapata wanawake kuliko wanaume, na hutokea zaidi wakati wa ujauzito au kwa wenye kisukari na upungufu wa homoni za tezi ya shingo. Kushika fremu ya kudarizia kwa nguvu, kifundo kikiwa kimekunjwa, huichochea. Tumia fremu yenye kishikizo cha kufungia mezani, shika sindano kwa wepesi, vaa subana, na upumzike kila nusu saa. Kibao laini cha kunyoosha kifundo, kinachovaliwa usiku, huwasaidia wengi. Ganzi ikidumu mchana kutwa, au kidole gumba kikianza kukosa nguvu, muone daktari mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunda lenye miiba

Hapa nina ombi maalumu kwa wenye watoto. Kimto cha sindano ni kifaa cha usalama. Sindano iliyo mtoni haipo kwenye zulia, haipo kwenye godoro, na haipo mdomoni mwa fundi. Kwa sababu hiyo namshauri kila anayeanza kudarizi ashone kimto kabla ya kitu kingine chochote.

Lakini kimto chenye umbo la tufaha au stroberi kina hatari yake. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kujua kwamba tunda hili lina pini ndani. Yeye anaona kitu chekundu kinachofanana na chakula, na kila kitu kwake huenda mdomoni. Kwa hivyo tunda lako na likae juu ya kabati au ndani ya kopo lenye kifuniko, wala lisiachwe kochini hata kwa dakika moja.

Mbegu za komamanga na vidoa vya stroberi vishonwe kwa vifundo vya uzi, si kwa shanga. Shanga hung'oka, na mtoto huiingiza puani au sikioni, au humkaba kooni. Ndani ya kimto usitie mchele wala maharagwe, maana huita wadudu na panya. Vipande vya sufu ya kondoo au mabaki ya vitambaa vinatosha. Unga wa mbao na unga wa kunolea hutimka, basi mwenye pumu asijaze yeye.

Hesabu sindano zako unapoanza na unapomaliza. Jambo hili ni muhimu zaidi katika nyumba yenye mgonjwa wa kisukari. Neva za miguu yake huenda zimekufa ganzi, akakanyaga sindano asiisikie, na kidonda kikagunduliwa baada ya wiki kikiwa kimeoza.

Sindano ikivunjikia mguuni, usichokore kwa wembe. Nenda hospitali upigwe picha ya eksirei, kwani chuma huonekana vizuri. Jeraha lolote la kuchomwa lioshwe kwa maji na sabuni, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda ikiwa hukumbuki ulichanjwa lini.

Mtoto akimeza pini, usimtapishe, wala usimshindilie ugali au ndizi eti ziisukume. Mpeleke hospitali mara moja.

Na wewe unayeshikilia pini kwa midomo huku ukizungumza, acha. Madaktari wa Uturuki na Misri wameandika mara nyingi juu ya wasichana waliovuta pini hadi mapafuni walipokuwa wakijifunga mitandio. Kikohozi, kicheko au chafya moja inatosha. Pini hiyo hutolewa kwa chombo maalumu kinachoingizwa kwenye koo la hewa, na si kila hospitali inacho.

Faida isiyopimika kwa mizani

Kuna watakaouliza: kwa taabu zote hizo, si afadhali kununua kimto cha plastiki dukani? Kwa bei, pengine ni afadhali. Lakini mkono unaoshona hunufaika kwa namna ambayo duka haliuzi.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Uingereza ilikuwa na maelfu ya askari waliopoteza viungo au utulivu wa akili. Mwigizaji Ernest Thesiger, ambaye mwenyewe alijeruhiwa vitani, alishiriki kuanzisha mradi wa kuwapa askari walemavu kazi ya kudarizi nyumbani mwao kwa malipo. Mradi huo, ulioanza mwaka 1918, uliendelea hadi miaka ya 1950. Wanaume waliorudi wakitetemeka walipata kazi inayotaka mkono mtulivu, na kazi hiyo ikawapa heshima na shilingi.

Siwezi kukuambia kwamba kudarizi huponya unyogovu au huzuia akili kupotea uzeeni. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu amepata sindano na uzi. Lakini mjane anayekaa peke yake, mstaafu ambaye simu yake hailii, na mama asiyepata usingizi kwa mawazo, wote huhitaji kitu kinachoanza, kinachoendelea na kinachokwisha. Haba na haba hujaza kibaba, na mshono kwa mshono hujaza tunda.

Ndiyo maana nasikitika kuona sanduku la nyuzi likifungwa kwa kukosa jozi moja ya miwani. Ikiwa ni lako, wiki hii nenda kapimwe macho. Ikiwa ni la mama yako au fundi wako, mpeleke wewe. Kisha mnunulie taa ya mezani, umwachie kiti cha dirishani, na umwombe akushonee boga.